Kalamu za Jibini

Ndugu msomaji, kama wewe ni mtoto wa mjini kama mimi, sambusa unaijua. Umeila ya nyama, umeila ya viazi, na siku mambo yalipokuwa mabaya umeila ya hewa, ile ambayo ukiing'ata unakuta kipande kimoja cha kitunguu kinakutazama. Sasa ichukue sambusa hiyo, ivue pembe zake tatu, iviringishe mpaka iwe nyembamba kama kidole cha shahada, na badala ya nyama tia jibini nyeupe yenye chumvi. Hicho ndicho chakula ninachotaka kukusimulia. Waturuki wanakiita sigara böreği, yaani boreki ya sigara, kwa sababu ya umbo lake. Lakini wapo wasiopenda kutaja sigara mbele ya watoto, nao hukiita kalem böreği. Kalem ni kalamu. Mimi niliyetoka kwetu na ndoto ya kuandika riwaya, niliposikia jina hilo la pili nilicheka peke yangu. Nimevuka bahari kutafuta maisha ya kalamu, kumbe wenzetu wanazikaanga!

Niliingia Istanbul Oktoba 2021. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, begi moja, na daftari la kurasa 200 lenye sura nne za riwaya. Kaka mmoja wa mtaani kwetu Temeke alikuwa akifuata nguo kule kwa ajili ya maduka ya Kariakoo, naye ndiye aliyenitafutia mchongo kwenye ofisi moja ya mizigo, Laleli. Laleli ni mtaa wa maduka ya jumla. Ukipita pale utasikia Kirusi, Kiarabu na Kifaransa, na ukitega sikio vizuri utasikia Kiswahili cha akina mama wakibishania bei ya magauni. Kazi yangu ilikuwa kufunga marobota, kuyapima kilo na kuyaandika majina. Nyumbani walisema niko Ulaya. Ki-ramani hawakukosea, maana Laleli iko upande wa Ulaya wa mji ule. Ila mfuko wangu haukuwa na habari hiyo.

Nilipanga chumba cha chini, nusu yake ardhini, katika mtaa wa Kurtuluş. Zamani mtaa huo ukiitwa Tatavla, ulikuwa wa Wagiriki, na baada ya moto mkubwa wa 1929 ndipo ulipopewa jina la sasa, ambalo maana yake ni ukombozi. Mimi ukombozi sikuuona, niliona baridi. Bwana wee, Januari ya kule isikie kwa jirani tu! Gesi ya kupasha chumba joto ilikuwa ghali, kwa hiyo usiku niliandika nimevaa koti na soksi mbili mbili, vidole vimekufa ganzi, sentensi moja kwa nusu saa.

Ghorofa ya juu yangu aliishi mama mmoja mjane, umri wake miaka sitini na kitu. Nilimwita Teyze, kama wanavyoitwa kule akina mama wa umri wake. Asili ya neno hilo ni dada wa mama, yaani mama mkubwa au mama mdogo. Naye akaniita oğlum, mwanangu. Siku moja alinikuta ngazini nimebeba daftari akaniuliza ninasoma nini. Kituruki changu wakati huo kilikuwa cha kuhesabu marobota tu, kwa hiyo nikamwambia kwa kuchanganya: siyo kusoma, naandika, naandika riwaya. Akashtuka kidogo, kisha akaangua kicheko. Baadaye ndipo nilipojua sababu. Kwao riwaya yetu inaitwa roman. Neno lao rivayet, ambalo limetoka kwenye Kiarabu kilekile kilichotupa sisi riwaya, maana yake ni uvumi, habari za kusikia tu. Kwa hiyo mbele ya mama yule nilikuwa kijana wa Kiafrika anayekaa chumba cha chini na kuandika umbea.

Urafiki wetu ulianzia hapo, ila uliokomaza urafiki huo ulikuwa ugonjwa. Teyze alikuwa na baridi yabisi ya vidole, na zamu yake ya "gün" ilikuwa inakaribia. Gün maana yake ni siku. Ni mchezo wa akina mama, na ninaposema mchezo akina dada wa mjini wameshanielewa, maana ni upatu huuhuu wa kwetu. Wanakutana kila mwezi nyumbani kwa mmoja wao, kila mtu analeta mchango wake, na mwenye nyumba anachukua chote. Wengine huchangiana pesa, wengine dhahabu, ile sarafu ndogo waiitayo robo, yenye uzito wa karibu gramu moja na robo tatu. Anayepokea ndiye anayelisha, na meza isipokuwa na boreki watu watasema. Kundi la Teyze lilikuwa la wanawake kumi na wawili. Vidole vyake havikuweza kuviringisha. Vyangu viliweza. Tukapatana: mimi nitaviringisha, yeye ataniachia meza ya jikoni kwake kila jioni, penye joto na taa nzuri, niandike mpaka saa nne usiku.

Alinifundisha hivi. Chukua yufka mbili. Yufka ni manda, ila manda ya kule ni duara kubwa, upana wake kama sentimita 60, husukumwa kwa mti mwembamba mrefu uitwao oklava, kisha hubabuliwa kidogo juu ya chuma cha moto. Watu wa mjini hawajisumbui kuitengeneza, huinunua kwa fundi wake. Kata kila moja nusu, halafu robo, uendelee hivyo mpaka upate pembetatu 16, jumla 32. Zifunike kwa kitambaa chenye unyevu, maana zikipigwa na upepo zinakauka na kuvunjika. Jibini ni gramu 250, ile nyeupe inayokaa ndani ya maji ya chumvi. Ikiwa chumvi imezidi, iloweke kwanza katika maji baridi. Iponde kwa uma, uchanganye na majani ya maydanoz, ambayo ni ndugu wa giligilani. Sasa weka pembetatu mbele yako, upana ukuelekee wewe na ncha itazame mbali. Tandaza kijiko kimoja cha chai cha jibini kwenye ule upana, kiwe kama mstari. Kunja kidogo kulia na kushoto jibini isitoroke, kisha viringisha kuelekea kwenye ncha. Ncha ichovye maji, ibandike. Kaanga kwa mafuta ya alizeti, moto wa wastani, ukigeuza mpaka zipate rangi ya dhahabu. Ukijaza sana inapasuka na jibini inamwagika kwenye mafuta. Ukiviringisha kwa kulegea inakunywa mafuta yote. Unakula ikiwa moto, na chai ya rangi kwenye kile kigilasi chao chenye kiuno.

Nilipokuwa nikiviringisha, Teyze aliongea. Mwanzoni tuliokoana kwa maneno ya pande zote mbili: kitap na kitabu, defter na daftari, sabun na sabuni, dünya na dunia, haber na habari. Kuna moja lililonikaa moyoni. Kwetu msafiri ni mtu aliye njiani. Kwao misafir ni mgeni aliyekwisha kufika, aliyekaribishwa akaketi. Neno ni lilelile, ila sisi tumebaki naye barabarani, wao wamemfungulia mlango.

Akanisimulia habari za baba yake. Mwaka 1961 Uturuki na Ujerumani Magharibi zilitiliana saini mkataba wa wafanyakazi, na vijana wengi wakapanda treni kwenda viwandani kule. Baba yake aliondoka 1964, Teyze akiwa na miaka saba. Alituma pesa, akatuma picha amesimama kando ya gari ambalo halikuwa lake. Alirudi baada ya miaka tisa. Mimi niliyapokea maneno yale kimyakimya, kwa sababu simu yangu ilikuwa na picha yangu nimesimama kando ya gari ambalo halikuwa langu.

Mwaka ule wa 2022 maisha kule yalikaba kila mtu. Machi, baada ya vita vya Ukraine kuanza Februari, watu waligombea mafuta ya alizeti madukani, maana sehemu kubwa ya mafuta hayo ilitoka Urusi na Ukraine. Oktoba takwimu za serikali zilisema bei zimepanda kwa zaidi ya asilimia 85 ndani ya mwaka mmoja. Takwimu hiyo mimi niliiona kwenye bakuli la Teyze. Kwanza jibini ilipungua, majani yakaongezeka. Halafu akaacha ile jibini nzuri, akahamia lor, ambayo hutokana na maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini nyingine na bei yake ni nafuu. Mwishowe akachemsha viazi, akaviponda na pilipili nyekundu na chumvi, akajaza hivyo. "Na hii ni boreki halali," aliniambia, kama vile kuna mtu aliyembishia.

Kwangu nako kulikuwa na ngoma nzito. Kibali changu cha kuishi kilikuwa cha mwaka mmoja. Julai 2022 serikali ilikuwa imeongeza idadi ya mitaa iliyofungwa kwa wageni kujiandikisha upya, ikafika 1,169 nchi nzima, na kila mgeni niliyemjua alikuwa roho juu. Nilipeleka karatasi zangu zote. Mwishoni mwa Novemba nikajibiwa kwamba kibali hakitaongezwa. Si unajua tena, hakuna wa kumuuliza. Nikawa sina deni, lakini sina akiba vilevile. Kilichoninyima usingizi hakikuwa kuondoka. Kilikuwa ni kufika. Kijana katoka Ulaya, mtaa mzima umejua, halafu anashuka kwenye bajaji na begi lilelile!

Nilimweleza Teyze jikoni, mikono yangu ina unga wa viazi. Akanyamaza sana. Kisha akaniambia kwamba siku baba yake aliporudi alileta redio kubwa, nzuri, majirani wakaja kuitazama. "Mama yangu hakuitazama," alisema. "Alikwenda kukaanga boreki, akaketi kumwangalia anavyokula. Redio tuliizoea kwa wiki moja tu. Nenda kwa mama yako, oğlum. Usimchoshe kungoja redio."

Nilitua Dar es Salaam Desemba 2022. Nilikuwa na madaftari matatu yaliyojaa na sura nane kamili. Mama hakuuliza nimeleta nini. Majirani waliuliza kwa niaba yake, wengine kwa mdomo, wengine kwa macho. Mama yangu anauza sambusa na maandazi, na manda zake zinajulikana hadi mtaa wa pili. Siku ya tatu nikamwomba jiko.

Jibini ya kopo niliyoiona dukani bei yake ilinifukuza, basi nikatengeneza mwenyewe. Nilichemsha lita mbili za maziwa, nikakamulia ndimu, yakakatika, nikachuja kwa kanga safi, nikatia chumvi na kuikandamiza kwa jiwe la kusagia. Haikuwa ya Teyze, lakini ilikuwa jibini. Maydanoz sikupata, nikatumia giligilani. Nikazikata manda za mama ziwe pembetatu, nikaviringisha. Mama alisimama mlangoni ameshika kiuno.

"Baba, hiyo si sambusa iliyonyooshwa?"

"Mama, onja kwanza."

Akaonja. Akaonja ya pili. Akaketi kwenye kigoda, akala nne bila kusema neno, mimi nikimwangalia. Alipomaliza akapiga hesabu kwa vidole: maziwa, ndimu, mafuta, mkaa. "Tamu," akasema, "lakini hailipi. Mtu wa hapa hatoi pesa hiyo kwa kitu chembamba." Nikamwambia kule nako ilifika mahali hailipi, wakatia viazi. Akanitazama. "Sasa mbona hukuanza na viazi?"

Ndugu msomaji, leo hii kwenye sinia la mama, kando ya sambusa, kuna safu ya boreki za viazi. Wanafunzi wanaziita kalamu, kwa sababu niliwaambia hadithi yake. Mimi ndiye ninayeviringisha, alfajiri kabla ya saa kumi na mbili, na sehemu ya mauzo ni yangu: karatasi, wino, na nauli ya kupeleka mswada kwa wachapishaji. Mchapishaji mmoja ameshaurudisha, akisema ni mrefu na hadithi za wanawake wa Istanbul haziwahusu wasomaji wetu. Mimi sikubaliani naye. Mwanamke anayehesabu jibini ili zamu yake ya upatu isimwaibishe, kuna mtaa gani wa kwetu asipojulikana?

Barua za wenzangu wanaotaka kuwa waandishi nazisoma humu. Wengi mnalalamika kwamba hamna mahali pa kuandikia, hamna utulivu, hamjasafiri. Kilio hicho nakielewa. Ninachoweza kusema ni kwamba sura zangu nne za mwanzo niliziandika peke yangu, na zile za baadaye niliziandika kwenye meza yenye harufu ya mafuta, watu wakiniingilia kila dakika tano kunisimulia mambo yao. Hizo za baadaye ndizo mama alizoniomba nimsomee mara ya pili.

Sasa niko sura ya kumi na moja. Jibini tunaitengeneza mara moja moja, siku ya sikukuu, na hiyo hatuiuzi.