Paris Mfuko Umegoma? Mpeleke Rufiji!

Laazizi wako anaota Paris, mshahara wako unaishia Mbagala. Usijikunyate, hauko peke yako. Ada ya viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na mkinyimwa hairudi. Kwa wawili ni euro 180, na tiketi ya ndege bado. Wapo wanaokopa ili wapige picha chini ya mnara wa Eiffel, kisha wananuniana mwaka mzima kwa sababu ya marejesho. Raha gani hiyo?

Sisi tunashauri: anzeni na delta ya Rufiji.

Mnafikaje?
Mbagala Rangi Tatu, pandeni basi la kusini mpaka Kibiti kwa Barabara ya Kilwa. Mauaji ya mwaka 2016 na 2017 yaliufanya mji huu uogopwe, lakini utulivu ulisharudi. Baada ya hapo ulizieni usafiri wa Nyamisati, zinakoondokea boti za Mafia. Kipindi cha masika kiacheni kipite. Mafuriko ya Aprili 2024 yalionyesha mto huu ukikasirika unakuwaje.

Mtaona nini?
Mikoko, zaidi ya hekta 50,000, vijito vikipinda kama vichochoro vya Mji Mkongwe. Ndege tele, viboko na mamba pia, kwa hiyo mahaba ya kuogelea wekeni kando. Kambamti wa huku, wakitua kwenye wali wa nazi, hawahitaji mishumaa.

Na jiji la Ulaya mtalipata, angalau kwa jina. Meli ya kivita ya Kijerumani, Königsberg, iliyopewa jina la mji ambao leo ni Kaliningrad nchini Urusi, iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar Septemba 1914, ikaja kujificha humu. Ilidumu hadi tarehe 11 Julai 1915, ilipopigwa na mabaharia wake wenyewe wakaizamisha. Matope yalishaimeza, ila mzinga wake mmoja mnaweza kuuona Fort Jesus, Mombasa.

Pesa iko wapi?
Iko kwenye boti. Kukodi mtumbwi wa mashine ndiko kunakokula mfuko, kwani mafuta hayana undugu. Pitieni kwanza ofisi ya kijiji, elewaneni bei kabla ya kupanda, na mkipata wenzenu wa kuchangia, changieni. Ulizeni pia saa za maji kujaa na kupwa. Maji yakikupwa boti inakaa juu ya tope, nanyi mnasubiri, tena bila mtandao wa kujifichia.

Hapo ndipo utamjua mwenzi wako. Anakasirika au anacheka? Nauli ikipungua, anasema "tutafanyaje" au "utafanyaje"? Hilo neno moja lina thamani kuliko picha kumi za Eiffel.

Kwa hiyo kabla ya kufunga begi, kaeni mezani. Kila mmoja ataje kiasi alichonacho kweli, siyo cha kujionyesha. Gaweni: nauli, chumba, chakula, boti, na akiba ya dharura ambayo haiguswi. Mkiweza kuambizana ukweli wa pesa kwa safari ya siku mbili, hata ya Paris mtaipanga bila kudanganyana. Mkishindwa, afadhali mjue Nyamisati kuliko uwanja wa ndege.