Visiwa Viwili

Nilipopata safari ya Marekani, mama alinituma jambo moja tu: nimwone kaka, nimuulize kwa nini hakuja kumzika baba.

Nilikuwa na wiki tatu. Kaka anaishi karibu na San Francisco, na ndege ingenifikisha kwa saa chache. Nikaamua kuanzia New York na kwenda kwa treni, nikijiambia kwamba nataka kuiona nchi. Ukweli, nilikuwa nachelewesha.

New York nilipanda boti hadi Ellis Island, jirani na Sanamu ya Uhuru. Kati ya 1892 na 1954, zaidi ya wahamiaji milioni 12 walipitia hapo. Watalii walikuwa wakitafuta majina ya babu zao kwenye kompyuta, wakifurahi wakiyapata. Nilimtumia mama picha. Akajibu, "Umeshamwona kaka yako?"

Chicago nilipiga picha tena. Kutoka hapo hadi Emeryville treni huchukua zaidi ya saa 50. Tulivuka Mto Mississippi, tukapanda milima ya Rocky yenye theluji. Abiria wenzangu walitazama nje. Mimi nilikuwa nikipanga maneno, na kila kituo yalizidi kuwa makali.

Kaka alinipokea akiwa na mvi. Aliondoka nikiwa kidato cha kwanza. Kesho yake akasema, "Twende nikutembeze," tukavuka kwa boti hadi Angel Island.

Hiki nacho kilikuwa kituo cha wahamiaji, kuanzia 1910 hadi 1940. Sheria ya 1882 ilikuwa imewazuia vibarua wa Kichina kuingia Marekani, kwa hiyo wengi waliofika hapa walifungiwa na kuhojiwa, wengine kwa wiki, wengine kwa miezi. Kwenye kuta za mbao za bweni walichonga mashairi. Hakuna kati yetu aliyeweza kuyasoma. Kaka alisimama mbele yake muda mrefu.

"Vibali vyangu viliisha mwaka wa pili," alisema bila kunigeukia. "Nikitoka nchi hii, sirudi. Na wanangu wako hapa."

"Mbona hukutuambia?"

"Ningewaambia nini, mdogo wangu? Mama angesema rudi. Halafu ada yako angelipa nani?"

Maneno yote niliyoyapanga njiani yakanitoka.

"Siku mliyomzika baba nilikuwa zamu," akaendelea. "Niliomba dakika tano, nikaenda kukaa chooni."

Tulirudi na boti ya mwisho. Jua lilikuwa linazama upande wa Golden Gate, watu wakinyanyua simu zao. Mimi sikupiga picha. Nilimwandikia mama, "Nimemwona."

Akauliza, "Amesemaje?"

Swali hilo bado sijalijibu. Nitalijibu nikifika, tukiwa tumekaa naye mkekani.