Bustani ya Mwezi wa Mei Karibu na Soko la Kenyatta

Mtu atokaye katikati ya Nairobi akifuata Barabara ya Ngong, kisha akashika ile ya Mbagathi, hafiki mbali ila ataona moshi wa nyama choma. Hapo ndipo Soko la Kenyatta, karibu na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Wengi hulijua kwa nyama hiyo na kwa wanawake hodari wa kusuka nywele. Lakini mwenye nyumba ndogo na mshahara mdogo, jioni atokapo kazini, hutazama zaidi fungu la mboga. Mvua ikikatika, fungu hilo hupungua na bei yake hupanda.

Mvua za masika huanza Machi, huzidi Aprili, na mwisho wa Mei hukoma. Kisha huja Juni, Julai na Agosti, miezi ya mawingu na baridi, nayo mvua ni haba. Kwa hiyo wako wasemao kwamba Mei si wakati wa kupanda tena. Husema kweli kwa mahindi na maharagwe, ambayo yangepandwa mvua zilipoanza. Ayapandaye sasa hupoteza mbegu, na heri angoje vuli ya Oktoba. Lakini kwa mboga hawasemi kweli, kwa maana ziko zipendazo baridi hiyo.

Ya kwanza ni sukuma wiki, ambayo jina lake lenyewe ni hesabu ya mtu wa mshahara. Miche ihamishwe jioni, wakati ardhi ingali na unyevu, sentimita 45 kati ya mche na mche, na 60 kati ya mistari. Baada ya miezi miwili hivi majani ya chini huanza kuchumwa, na kilele kikiachwa, mmea huendelea kulisha nyumba kwa miezi mingi. Spinachi hufuata njia hiyo hiyo, na kabichi pia hupandwa kwa miche. Minji na karoti hupandwa kwa mbegu papo hapo zitakapokulia. Karoti haipendi kuhamishwa, na samadi mbichi huigawanya mizizi. Dhania huwa tayari kabla ya miezi miwili kupita. Terere hupenda joto, basi ingoje.

Asiye na shamba asikate tamaa. Kibera, jirani ya soko hilo, baada ya machafuko ya mwaka 2008 watu wengi walifundishwa kulima katika magunia. Gunia hujazwa udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, na katikati husimamishwa nguzo ya mawe madogo ili maji yashuke hata chini. Kisha hutobolewa matundu ubavuni, na miche hutiwa humo na juu pia. Gunia moja halichukui nafasi kubwa kuliko kiti. Tena kilimo cha mjini si jambo la kufichwa: mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria ya kukiendeleza na kukisimamia.

Hapana budi kujihadhari na mambo mawili. Maji ya mfereji wa uchafu yasimwagiwe mboga kabisa, hata kama huzinawirisha, kwa kuwa huleta magonjwa ya tumbo. Na udongo wa kando ya barabara kubwa au gereji usitumiwe, kwani huweza kuwa na risasi, sumu idhuruyo akili za watoto. Maji yaliyooshea mboga jikoni yatosha sana, na nyasi kavu zikitandazwa juu ya tuta huzuia unyevu usitoroke.

Basi wiki hizi za mwisho za mvua zina thamani. Aliyepanda Mei atachuma Julai mlangoni pake, na senti za mboga atanunulia mtoto kalamu. Aliyesema atapanda kesho atasimama sokoni akihesabu alichonacho. Ngoja ngoja huumiza matumbo.