Kuitembelea Nchi Yetu ya Kajiado

Sisi makarani wa Kitengela, tupatapo likizo, hukimbilia Mombasa kuitazama Ngome ya Yesu, tukarudi na picha za kuwaonyesha jirani. Si vibaya. Lakini nchi hii ya Kajiado tumeifanya kuwa njia ya kwendea kazini tu, kana kwamba haina la kutazamwa. Kwa hiyo katika likizo yangu ya Agosti niliazimu kuizuru, mimi na mke wangu na watoto wetu wawili.

Tulishika barabara ya Isinya hata Kiserian, kisha tukapanda Kona Baridi, ambako upepo wastahili jina la mahali. Hapo nchi yateremka ghafula, na Bonde la Ufa hulala chini yako mpaka macho yachoke. Kadiri tulivyoshuka, ndivyo joto lilivyozidi, hata tukafika Olorgesailie.

Mwaka 1919 mtaalamu wa miamba, J. W. Gregory, aliona hapo mawe yaliyochongwa. Na katika miaka ya 1940 Louis na Mary Leakey wakapachimba. Mashoka ya mawe, mengi mno, yameachwa palepale yalipolala, na mgeni hupita juu ya daraja la mbao akiyatazama. Watu wa kale walianza kuyachonga zaidi ya miaka milioni moja iliyopita, kando ya ziwa lililokwisha kukauka. Kuna na mifupa: ya tembo na ya nyani wakubwa wa namna ambayo haimo tena duniani. Binti yangu aliuliza ni nani aliyewamaliza. Sikuwa na jibu la kumpa.

Tukaendelea hata Magadi, tukaona ziwa jeupe lenye mabaka mekundu, na heroe wamesimama majini. Magadi yale yale ambayo mama zetu hutia katika maharagwe huchimbwa hapo kwa ajili ya viwanda vya kioo, na reli ya kuyachukua, ipitayo Kajiado mjini, ilijengwa kabla ya mwaka 1916. Amboseli sitaisema, imekwisha kusifiwa vya kutosha.

Lakini mahali palipoushika moyo wangu hapakutaka nauli, napo ni nyanda za Kitengela kwetu. Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilipofunguliwa mwaka 1946, upande wa kusini uliachwa bila ua, kwa kuwa nyumbu na punda milia hutoka humo wakati wa mvua, wakaja kuzaa katika majani mafupi ya huku, na kiangazi hurudi kufuata maji. Katika miaka ya 1970 nyumbu walikuwa makumi ya maelfu. Kufikia mwaka 2011 zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wametoweka. Tangu mwaka 2000 baadhi ya wenye ardhi walilipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka wasiweke ua, lakini bei ya viwanja ilikwisha kupita malipo hayo mbali sana.

Mzee mmoja wa Kimasai, jirani yetu, alitutembeza huko jioni moja.

"Babu, nyumbu walikwenda wapi?" mwanangu alimwuliza.

"Hawakwenda, mjukuu wangu, walizuiwa. Hapa seng'enge, pale ukuta, kule machimbo ya mawe." Akaelekeza fimbo yake mahali zilipopita njia zao.

Wala simlaumu auzaye. Karo ya shule haingoji. Mimi nami ninayo akiba ya kununulia robo ekari, maana kodi ya nyumba yatuelemea, na kiwanja nilichoonyeshwa, ambacho tayari kimezungushiwa seng'enge, kiko upande uleule wa fimbo ya mzee. Mke wangu asema tutafute kidogo zaidi, karibu na mji, hata kama ni ghali. Tungali twajadiliana, na muuzaji ataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Jioni ile tulihesabu punda milia 11 na swala wachache. Watoto waliendelea kutafuta nyumbu mpaka giza likaingia.