Nani Hufika Kwanza?

Usiku ule tulikuwa tumekwisha zima taa. Ulikuwa msimu wa karafuu, na katika kijiji chetu, upande wa Wete, nyumba nyingi zilikuwa na magunia barazani yakingoja kupelekwa kuuzwa. Hata yapata saa nane tukasikia ukemi wa jirani yetu, mjane mmoja: "Jamani, mwizi!" Kabla hatujapata kuufunga msuli vizuri, wanaume kumi walikuwa wamekwisha jaa uwanjani pake, huyu na tochi, yule na fimbo. Kijana akakamatwa chini ya mikarafuu, gunia lingali begani. Hakuweza kukimbia nalo, wala hakutaka kulitupa.

Sheha akapiga simu kituoni. Gari likaja, lakini njia yetu ni ya udongo, na mvua ilikuwa imenyesha tangu magharibi. Lilipofika, majogoo yalikuwa yamekwisha wika mara ya pili. Hatusemi haya kwa kuwalaumu askari, maana gari halina mabawa. Twataka kuueleza ule muda uliopita kati ya ukemi na gari, kwa sababu tumeufikiri sana tangu safari yetu ya Dar es Salaam.

Mwaka mmoja kabla ya usiku huo tulipanda meli Mkoani, tukaenda Dar es Salaam kununua vitabu na chaki. Adhuhuri tulikuwa Kariakoo, katika Mtaa wa Kongo, mahali ambapo mtu hawezi kugeuka asimguse mwenziwe. Mara tukasikia, "Mwizi! Mwizi!" Akaangushwa mbele yetu mvulana wa miaka kama 16. Ilisemekana amenyakua simu; sisi hatukuona. Tuliona mateke, kisha mawe, kisha mtu mmoja akaitisha tairi, na kila mkazi wa mji ule ajua tairi huitishwa kwa kazi gani.

Yatupasa kuungama. Simu yetu tulikuwa nayo mkononi. Nambari 112, ya kuwaita polisi wakati wa hatari, twawafundisha watoto darasani. Hatukuipiga. Hofu ilikuwapo, hatukatai, lakini hofu siyo iliyotuzuia zaidi. Tulitazama huku na huku, tukaona watu mia kadha wa kadha, tukajiambia kwamba bila shaka mmoja wao amekwisha piga. Baadaye muuza kahawa aliyekuwa amesimama ubavuni petu alituambia, "Mzee, mimi nilidhani wewe umepiga. Nilikuona na simu mkononi."

Aliyekuja ni mama lishe mmoja, na upawa wake ungali ukidondoka mchuzi. Akapenya kati ya watu, akatupa khanga yake juu ya mvulana, akamlalia, akipiga kelele: "Huyu mwanangu! Niueni mimi kwanza!" Mikono ikasita. Askari wawili walifika kwa pikipiki baada ya dakika zipatazo 25, wakamchukua yule mvulana akiwa hai. Ndipo tulipopata habari kwamba yule mama hakuwa mama yake, wala jina lake hakulijua.

Tuliporudi Pemba tukaanza kutafuta habari za mambo ya namna hii, ili tujue kama ni sisi tu. Tukaona kwamba wakubwa wa elimu wameshughulika nayo tangu zamani, kwa ajili ya kisa cha New York. Usiku wa tarehe 13 Machi, 1964, msichana jina lake Kitty Genovese alichomwa kisu karibu na nyumba yake, akafa. Gazeti la New York Times likaandika kwamba watu 38 waliona, wala hapana hata mmoja aliyewaita polisi alipokuwa akishambuliwa. Dunia nzima ikashangaa. Lakini walipochunguza baadaye iligunduliwa kwamba hesabu ile ilitiwa chumvi. Walioona kwa dhahiri walikuwa wachache. Mmoja alipiga kelele dirishani hata mwuaji akaondoka kwanza, kisha akarudi. Na jirani mmoja, Bibi Sophia Farrar, alishuka ngazi gizani akampakata yule msichana mpaka gari la wagonjwa likafika. Zaidi ya hayo, wakati ule New York haikuwa na nambari moja ya kuitia msaada. Nambari 911 ilianza huko mwaka 1968.

Mwaka huohuo wa 1968 wataalamu wawili, John Darley na Bibb Latané, walitangaza jaribio lao. Waliwaweka wanafunzi kila mmoja katika chumba chake, wakawasikizisha sauti ya mwenzao kana kwamba ameshikwa na kifafa. Wale walioamini kwamba wao peke yao wasikia, 85 katika kila 100 walitoka mara kuomba msaada. Wale walioamini kwamba wengine wanne wasikia pia, ni 31 tu. Tulipoisoma hesabu hiyo tulimkumbuka yule muuza kahawa, tukaona haya kuliko mwanzo.

Tena tusidhani kwamba kukawia ni kwa pikipiki za Kariakoo na matope yetu tu. Tarehe 2 Aprili, 2015, wauaji waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, kabla ya mapambazuko. Kikosi maalumu cha polisi kilikuwa Nairobi, mwendo wa zaidi ya kilomita 300, nacho hakikuingia chuoni mpaka alasiri. Watu 148 walikufa. Lakini Desemba ya mwaka uleule, katika njia ya Mandera, watu wa kundi lilelile walisimamisha basi, wakataka Wakristo wajitenge na Waislamu. Mwaka 2014, katika nchi ileile, watu 28 waliotengwa hivyo walikuwa wameuawa. Safari hii abiria Waislamu wakakataa. Walikuwa wamekwisha wapa wanawake Wakristo hijabu zao wajifunike. Mwalimu mwenzetu Salah Farah, naibu wa mwalimu mkuu, alipigwa risasi kwa kukataa huko, akafa Nairobi Januari 2016. Sisi Wakristo tunaoishi Pemba kati ya majirani Waislamu, twalisoma jina hilo polepole.

Sasa turudi uwanjani kwa mjane. Kijana alikuwa amekalishwa chini, na fimbo moja imekwisha mpiga. Hata sisi tulikuwa na fimbo. Wajuzi wa sheria wasema kwamba raia aweza kumkamata amwonaye akifanya uovu, ila ampeleke kwa polisi bila kukawia. Usiku ule nani aliyekuwa akikumbuka sheria? Ndipo mzee mmoja, ambaye hata kusimama humpa taabu, akalivuta lile gunia akalikalia, magoti yake yakigusana na ya mwizi. Akasema, "Mwenye kumtaka huyu na aanze na mimi." Akakaa hivyo mpaka gari lilipokuja.

Asubuhi tukamwuliza, "Babu, ulithubutuje?" Akajibu, "Mwalimu, nilipokuwa kijana tulimpiga mtu hapa, akafa. Siku ya tatu gunia likaonekana kwa nduguye mwenye mali."

Mwaka huu tulipita tena Mtaa wa Kongo. Mama lishe amekwisha hama, na habari za yule mvulana hapana azijuaye. Muuza kahawa yupo. Alitukumbuka, akatumiminia kikombe, akauliza, "Lakini mzee, siku ile mwishowe ulipiga?"

Tukamwambia la.