Kuku Waliokoroma Jikoni

Kuku wa bibi walilala jikoni, na mimi nililala chumba cha pili, ukuta wa udongo katikati yetu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, kijijini kwetu juu ya Soni. Julai ya huko si ya kuchezea. Jua halijazama vizuri, ukungu umeshashuka kutoka msituni, mtu wa mita kumi humwoni. Bibi alifukia makaa kwenye majivu, akafunika tenga la vifaranga kwa gunia, kisha akakaa kwenye kigoda kimya. Kwa muda mrefu nilidhani anasali. Alikuwa anasikiliza kuku.

"Yule mweupe anakoroma," alisema usiku mmoja, na asubuhi kweli mweupe alikuwa na povu kwenye kona ya jicho. Usiku mwingine alisikia chafya nikataka kuamka na kibatari, akanizuia. Vumbi la pumba tu, lala.

Kwa majirani ugonjwa wa kuku ulikuwa na majina mawili, mafua na mdondo. Mafua ni ya yule anayeumwa wiki nzima na bado yupo. Mdondo ni wa yule uliyemwacha jana akichakura na leo yumo shimoni, na wenzake wanamfuata. Wapo waliouita kideri, lakini kifo kilikuwa kile kile: kinyesi cha kijani, mabawa yameanguka, shingo imejipinda mpaka kuku anatazama angani. Mdondo ulitujia mara mbili nilipokuwa shule ya msingi, mara zote wakati wa kiangazi, na mara ya pili ulibakiza mtetea mmoja kati ya kuku kumi na tisa. Hapo bibi hakuwa na cha kusikiliza. Alichimba shimo.

Mafua yalikuwa na mengi zaidi ya kufundisha. Nikiwa darasa la nne bibi alinunua jogoo mwekundu gulioni. Jogoo wa haja, upanga umesimama, miguu mizito, anawika kabla ya adhana. Siku ya tatu mitetea wawili wakaamka wamevimba nyuso, jicho limefungika kama la mtu aliyeng'atwa na nyuki. Puani palikuwa na ute mzito wenye harufu ya yai viza. Bibi alimwinua mmoja, akamnusa mdomo, akakunja uso.

"Hii si baridi. Hii imekuja na mgeni."

Nikamwonyesha mgeni mwenyewe, mzima wa afya, anawika juu ya kuni. Sikumwelewa. Miaka ilipita kabla sijaambiwa kwamba kuku aliyewahi kuugua mafua yale makali akapona hubaki na vijidudu vyake, akavigawa bila yeye kukohoa. Bibi hakuwa na habari ya vijidudu, ila alijua kuhesabu siku.

Dawa yetu ilikuwa rangi mbili, vile vidonge vya tetrasaikilini vilivyouzwa kimoja kimoja dukani pamoja na viberiti. Unakifungua, unamwaga unga wa njano kwenye maji ya kopo, kuku wanakunywa. Uvimbe ulipopungua siku ya pili tuliacha, tukatunza vidonge vilivyobaki kwa ajili ya msimu mwingine. Haikupita muda wanaanza kukoroma tena, na sisi tunalaumu baridi. Mayai ya siku hizo tulikula, na mengine yalipanda basi kwenda Mombo. Hakuna aliyetuambia kwamba dawa hupita kwenye yai, na tusingeuliza, maana kwetu dawa ilikuwa kitu kizuri popote inapokwenda.

Mwaka uliofuata, baada ya kuvuna maharage, bibi alinipa tembe wa rangi ya kanga awe wangu. Nilikwishampigia hesabu: atage, atotoe, mapora wawili walipe michango ya shule. Haikufika mwezi akaanza kufanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Ananyoosha shingo, anafungua mdomo wazi kama anayepiga miayo, anatikisa kichwa, anafunga. Baada ya kitambo anarudia. Usiku bibi alimsikiliza peke yake, amempakata. Hakoromi. Asubuhi akamkagua: pua kavu, uso haujavimba, macho safi. Akampima kidari kwa kidole gumba, mfupa umechongoka kama kisu ingawa mtama alikuwa anakula kuwashinda wenzake.

"Huyu ana kitu kwenye koo."

Nikacheka, kwa sababu kuku mzazi naye huitwa koo, nikamuuliza kama koo naye ana koo. Hakucheka.

Kijana wa jirani ndiye aliyenipa utaalamu. Chovya unyoya kwenye mafuta ya taa, aliniambia, ingiza kooni, zungusha, chomoa, utaona vitu vinatoka. Nilingoja bibi ashuke shambani. Nilifanya kama nilivyoambiwa, na unyoya ulitoka na ute wenye nyuzi nyekundu, nikafurahi. Tembe alipiga mabawa mara nne. Nilizihesabu. Halafu akalegea mikononi mwangu, mdomo unanuka kibatari.

Siku hizo bwana mifugo alipita na pikipiki kuangalia ng'ombe wa maziwa. Mradi wa kuhifadhi udongo, SECAP, ulikuwa umewafanya watu wengi wa Lushoto wafunge ng'ombe bandani na kupanda majani ya Guatemala kwenye kingo za matuta, kwa hiyo njia yetu ilikuwa haikosi pikipiki. Bibi alimsimamisha na maiti ya kuku kwenye jani la mgomba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu ameua kuku. Nataka unionyeshe alikuwa anakufa na nini kabla hajamuua."

Aliketi pale pale kwenye ngazi, akaomba wembe. Akapasua koo la hewa kwa urefu, taratibu, kama anayefungua bahasha yenye hela. Ndani mlikuwa na minyoo myekundu kama nyuzi za sufu, imejishikiza ukutani, na kila mmoja ulikuwa na umbo la herufi Y. Aliuweka mmoja kwenye ukucha wake. Mkubwa ni jike, alieleza, na huu mdogo uliogandana naye ubavuni ni dume. Wakishakutana hawaachani mpaka kufa.

"Ndoa ya kanisani hiyo," alisema bibi, na bwana mifugo, aliyekuwa Mlutheri, akacheka mpaka wembe ukamtoka mkononi.

Kisha akaniuliza nilimfanyaje. Nilipomweleza hakunigombeza. Alisema unyoya unaweza kung'oa miwili mitatu na kuisukuma mingine chini, lakini mafuta ya taa yakiteleza kuingia kwenye mapafu, hapo si minyoo tena. Akasimama, akatazama uwanja wetu, akaelekeza kidole kwenye shimo la mbolea chini ya ua wa tughutu. Pale ndipo kuku walipokuwa wakishinda. Udongo mweusi, unyevu mwaka mzima, nyungunyungu wa kujaza kopo kwa dakika moja. Kuku mgonjwa hukohoa mayai ya minyoo, huyameza, huyatoa kwa kinyesi. Nyungunyungu anakula uchafu ule, konokono naye vivyo hivyo. Kuku mzima anamla nyungunyungu na kuona kapata riziki.

Bibi alinyamaza. Ndiye aliyekuwa akiwafukulia kwa jembe kila jioni ili wapate nyama.

Bwana mifugo hakuishia kooni. Alipasua na utumbo, na humo wakawa wengine kabisa, weupe, warefu kama kidole changu, laini kama tambi zilizopikwa. Hao bibi aliwajua. Ndio waliomfanya apime vidari kwa kidole gumba, na kwa ajili yao alitia majani ya mshubiri kwenye maji ya kunywa. Niseme nilichokiona kwa macho yangu: mshubiri uliwafanya kuku wakunje shingo na kunywa kidogo, na tambi ziliendelea kuwamo. Hawa weupe hawahitaji nyungunyungu. Yai likitoka na kinyesi likakaa kwenye udongo wenye unyevu wiki mbili tatu, limeshaiva, kuku analidonoa pamoja na chembe ya mahindi.

Kwa hiyo dawa zilikuwa mbili, na hili ndilo kosa ninalolikuta mpaka leo kwa wafugaji: mtu ananunua piperazini, anaona minyoo mirefu imetoka, anatangaza kuku wake ni safi. Piperazini huilegeza ile mirefu myeupe ikatoka, mingine bado inajinyonganyonga. Ya kooni haina habari nayo. Bwana mifugo alituletea levamisoli. Tuliwanyima kuku maji usiku kucha ili asubuhi wanywe yenye dawa kwa pupa na kuyamaliza. Siku ya pili yake nilifagia kinyesi chote nikakifukia mbali na shimo la mbolea, na baada ya wiki tatu tukarudia, kwa sababu ile michanga inayojificha kwenye ukuta wa utumbo huponyoka mara ya kwanza.

Ndipo ikaja amri ya kuwatoa jikoni. Haikuwa ya bwana mifugo peke yake. Tauni ilikuwa inarudi Lushoto tangu 1980, watu wa afya walipita majumbani kupuliza dawa ya viroboto, na kulala nyumba moja na mifugo kulianza kuonekana ushamba hatari. Tulijenga banda la mabanzi, likainuliwa kwa miti, sakafuni tukamwaga maranda kutoka mashine za mbao za Shume. Bibi, kwa huruma, akaziba kila upenyo kwa mifuko ya mbolea ili kuku wasipigwe na baridi ya Juni.

Kabla ya Agosti walikuwa wanakoroma karibu wote. Bwana mifugo alikuja, akafungua mlango, akaniambia nichuchumae kimo cha kuku nivute pumzi. Macho yaliniwasha, machozi yakatoka. Mimi nilikuwa mle kwa dakika moja. Wao walikuwa mle saa kumi na mbili kila usiku. Harufu ile ya mkojo na kinyesi huchubua njia ya hewa, na ugonjwa wowote unaopita unakuta mlango wazi. Tulibandua mifuko yote ya juu, chini kidogo ya paa, tukaacha ya chini inayokinga upepo. Rangi mbili tukaachana nazo, tukanunua dawa ya kuku yenyewe, tukawapa siku tano zote, na mayai ya siku hizo tukayafukia, bibi akinung'unika kila yai. Tangu hapo hakuna kuku wa gulioni aliyeingia bandani kabla ya kukaa wiki mbili chini ya tenga, upande wa pili wa nyumba.

Chanjo ya mdondo ilitufikia baadaye, ile ya I-2 iliyobuniwa Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na friji, kisha ikatengenezwa kwetu Temeke, Dar es Salaam. Tone moja jichoni, kila miezi mitatu, kwa kuku mzima. Bibi alinishangaza: alikuwa wa kwanza kijijini kupanga foleni, yeye aliyepinga hata banda. Nilimshikia kuku huku akihesabu kwa Kishambaa.

Jambo moja hakulisamehe. Kuku walipohamia bandani hakuwasikia tena. Ugonjwa ulianza kutufikia kwa macho, na macho huchelewa. Uso ukishavimba, umeshachelewa siku kadhaa. Alijaribu kutoka usiku, lakini miguu ilikuwa imeanza kumsumbua, na baada ya miguu yakafuata masikio.

Mara ya mwisho nilipomkuta akiwa na nguvu za kuzungumza ilikuwa Juni, nimepanda na basi la jioni kutoka Mombo. Tulipomaliza kula alinigusa goti.

"Nenda kawasikilize."

Nilitoka na simu, nikaizima taa yake nilipofika karibu, maana kuku wakiona mwanga hunyamaza. Nilisimama kwenye ukungu mpaka shati likalowa. Nikarudi nikainama kwenye sikio lake, nikapaza sauti.

"Mmoja tu, bibi. Yule wa pembeni, karibu na mlango."

"Anakoroma au anapiga chafya?"

"Anakoroma."

"Mtoe usiku huu huu," alisema, akaanza kutafuta ufunguo wa banda kwenye fundo la kanga yake.