Safari ya Kasulu na Kibondo: Taa ya Jua Katika Chumba cha Wazazi



Mwenye kwenda Kasulu na Kibondo kutoka Kigoma mjini huliacha ziwa nyuma yake akaanza kupanda. Ziwa Tanganyika lipo kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, na Kasulu imepita mita 1,200. Michikichi ya Ujiji hupungua kidogo kidogo, na mahali pake huja migomba, mihogo, maharage na mibuni. Hewa nayo hubadilika, hata jioni mtu hutafuta nguo nzito. Hii ndiyo nchi ya Waha, watu wa jembe, wenye heshima nyingi kwa mgeni. Tulipanda huko kwa nia moja: kutazama namna jua linavyotumika katika nyumba za wagonjwa.

Kwa miaka mingi mkoa wa Kigoma ulikuwa mbali na gridi ya taifa. Miji ya Kasulu na Kibondo ilipata umeme wa jenereta za dizeli, na dizeli yenyewe ililetwa kwa gharama kubwa kutoka mbali. Ama vijiji vingi havikupata hata huo. Mwezi wa Februari 2008 Tanzania na Marekani zilitia sahihi mkataba wa Changamoto za Milenia, wenye thamani ya dola milioni 698, na ndani yake ilikusudiwa kupata umeme kwa maporomoko ya Igamba katika Mto Malagarasi. Lakini ilionekana kuwa mto ule una viumbe adimu ambao wangeweza kuangamia, na shauri lile likaachwa. Badala yake ukaja mradi wa umeme wa jua, uliopangwa kufikia zahanati 120, vituo vya afya 10 na shule za sekondari 45 za mkoa huo. Mkataba ukamalizika mwaka 2013.

Basi jua hilo lina faida gani kwa mgonjwa? Katika zahanati moja ya kijiji, mkunga mtu mzima alitukaribisha chumba cha kujifungulia. Alitusimulia kuwa zamani mama akija usiku, jamaa zake walikuja na kandili, au na tochi mkononi. "Wanangu," alituambia, "mkono mmoja ulishika taa, na mmoja ulipokea mtoto. Kazi ya mikono miwili huwezi kuifanya kwa mmoja."

Tuliyapima maneno yake, tukaona yana uzito kuliko hesabu nyingi. Kutoka damu nyingi baada ya kuzaa ni katika sababu kubwa za vifo vya wazazi duniani, na mama anaweza kufa kwa muda wa saa chache tu. Mkunga asiyeona damu inatoka wapi atawezaje kuizuia? Tena dawa ya oksitosini, ambayo husaidia kuizuia, hutaka kuhifadhiwa kwa ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na chanjo nyingi za watoto ni vivyo hivyo. Kwa hiyo taa na jokofu ni ndugu wawili: taa humwonyesha mkunga hatari, na jokofu humwekea dawa iliyo nzima.

Elimu ya jambo hili si ya jana. Mwaka 1954 wataalamu wa Bell Laboratories huko Marekani walionyesha kioo cha silikoni kinachogeuza mwanga wa jua kuwa umeme. Kioo hakili mafuta wala hakipigi kelele. Mchana hutia umeme ndani ya betri, na usiku betri huutoa.

Lakini hatutawaficha yaliyotuhuzunisha. Katika zahanati nyingine, ambayo hatutaitaja jina, vioo vilikuwa juu ya paa, vimeshika vumbi, na taa za ndani haziwaki. Betri zilikuwa zimekufa. Kioo kizuri huweza kudumu miaka 20 na zaidi, lakini betri za kawaida za risasi huchoka baada ya miaka michache, hasa zikikaushwa maji yake, au watu wakizimaliza chaji kwa kuwashia televisheni na kujazia simu. Tuliuliza: Je, palikuwa na fedha iliyowekwa kununua nyingine? Hapana. Fundi wa kuzitazama? Hapana. Kila mmoja alidhani ni kazi ya mwingine, na usiku ule ule mzazi alirudia tochi.

Huenda msomaji akasema: "Gridi imekwisha fika Kigoma, jua la nini tena?" Ni kweli, mwezi wa Oktoba 2022 mkoa ulisherehekea kuunganishwa na gridi ya taifa, na hiyo ni neema kubwa. Lakini waya hauingii kila kijiji kwa siku moja, na mahali ulipoingia umeme hukatika. Mama mwenye uchungu hangojei urudi. Shirika la Afya Duniani na wenzake walieleza mwaka 2023 kuwa karibu watu bilioni 1 katika nchi za kipato cha chini na za kipato cha kati cha ngazi ya chini hutegemea nyumba za matibabu zisizo na umeme wa kutumainika au zisizo nao kabisa. Kwa hiyo gridi na jua visaidiane.

Enyi ndugu zetu, na hasa ninyi vijana, Qur'ani Tukufu imelitaja jua kuwa ni taa. Taa hiyo hatukuinunua, wala hatuombwi bei yake. Tunayoombwa ni bei ya betri. Wazee wetu wa pwani walipotaka msikiti uwe na nuru hawakutoa kandili peke yake. Waliweka wakfu na minazi, ili mafuta yasikatike baada yao. Hiyo ndiyo hekima iliyokosekana katika zahanati tuliyoiona. Aliyetoa taa alitoa, lakini hakuna aliyepanda mnazi.

Yatupasa sisi tuupande. Kila kijiji chenye vioo vya jua kiweke sanduku la amana la kununulia betri, kichague waaminifu wa kulitunza, na kimsomeshe kijana mmoja ufundi wa kupangusa vioo na kupima maji ya betri. Mchango mdogo wa kila mavuno wawezekana hata kwa mkulima wa maharage. Wala sanduku hilo lisiwe la Waislamu peke yao, kwani mzazi yeyote aweza kuingia chumba kile.

Tulipoondoka kwa yule mkunga magharibi ilikuwa imeingia. Tulitazama nyuma tukaona dirisha moja linang'aa katika kijiji chenye giza. Tulimwomba Mwenyezi Mungu alidumishe, kisha tukatoa mfukoni tulichojaaliwa, kikawa cha kwanza katika sanduku lake.